Maswali ya Wasomaji: Bustani Ileile, Anga Lilelile, Miezi Kumi na Mbili

Haya jamani, karibuni tena. Matoleo kadhaa yaliyopita nilitoa wazo moja dogo tu, chagua bustani iliyo karibu na wewe, hata kama ni kile kiwanja chenye miti mitatu unachokipita kila siku, alafu kila mwezi piga picha mbili, moja ya miti na moja ya anga, mwaka mzima, ukiwa umesimama palepale. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea na mengine mazuri mno, kwa hiyo leo sina maneno mengi ya mwanzo, najibu. Ambao sijawafikia mnisamehe, nafasi ndo hiyo.

Swali: Shikamoo dada. Mi nakaa karibu kabisa na mstari wa ikweta, huku hamna majani kugeuka mekundu wala theluji, mwaka mzima kijani na joto. Nimepiga miezi miwili, picha zimefanana kama mapacha. Sasa mi nitapiga nini? (Mwanafunzi wa chuo)

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwanza usikate tamaa, swali lako ndo limekuja mara nyingi kuliko yote, na kiukweli kosa ni letu sisi wa magazeti, tukisema misimu basi picha tunazoweka ni za majani mekundu. Karibu na ikweta msimu hauji na baridi, unakuja na maji. Kwa hiyo acha kwanza kuangalia juu, angalia chini. Nyasi ndo zinawahi kusema kabla ya kitu kingine chochote, mvua ikikata zinaanza kupauka, zile njia za watu wanaokatiza katikati ya bustani zinatokea kama mistari ya udongo, alafu mvua ikirudi mistari inafunikwa tena. Vumbi kwenye majani ya miti iliyo karibu na barabara, dimbwi linalokuja na kuondoka, gome la mti likiwa limelowa na likiwa kavu, hivo vyote ni msimu. Na majani machanga usiyapite, miti mingi ya nchi za joto ikitoa majani mapya yanaanza na wekundu au rangi ya shaba kabla hayajawa kijani, hali hiyo inapita haraka, ndo maana wengi hawaioni.

Anga nalo lina habari zake. Hewa safi inatawanya zaidi mwanga wa bluu, ndo bluu tunayoiona, lakini vumbi na moshi vina chembe kubwa zaidi na zenyewe zinatawanya rangi zote karibu sawasawa, kwa hiyo miezi ya ukavu anga linakuwa jeupejeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, alafu ikinyesha mvua kubwa zile chembe zinashuka na kesho yake asubuhi bluu inakuwa nzito mpaka unashangaa. Piga jioni moja kabla ya mvua na asubuhi moja baada ya mvua, ukiziweka pamoja utaona mwenyewe.

Alafu kuna kitu unacho wewe ambacho wenzako wa mbali na ikweta hawana, kivuli chako kinageuka upande. Mwezi wa 6 jua la mchana linakuwa kaskazini yako, kivuli cha mti kinaangukia kusini. Mwezi wa 12 ni kinyume. Na karibu na tarehe 20 Machi na tarehe 22 au 23 Septemba jua linapita utosini, kivuli chote kinajikusanya chini ya mti kama khanga iliyodondoka. Mtu wa Uingereza hata apige miaka hamsini, kivuli chake cha adhuhuri kitaelekea kaskazini tu, kitakachobadilika ni urefu. Na pale jua linapozama pia panahama, toka Juni mpaka Desemba panatembea karibu digrii 47. Nyoosha mkono mbele ukunje ngumi, upana wa ngumi ni kama digrii 10, kwa hiyo ni karibu ngumi tano, yaani jua lililokuwa linazama nyuma ya mti wa kulia linaishia kuzama nyuma ya nyumba ya kushoto. Mwezi wa 3 na wa 9 ndo linakimbia, mwezi wa 6 na wa 12 linakuwa kama limesimama. Ukinambia huko kwenu hakuna misimu nitakuomba picha za kivuli kwanza.

Jambo moja tu la kuwa nalo makini, ile wanayoiita saa ya dhahabu, yaani ule mwanga laini wa kabla ya jua kuzama, kwako sio saa. Jua karibu na ikweta linashuka karibu wima, digrii 15 kwa saa, kwa hiyo toka likiwa digrii 6 juu ya upeo wa macho mpaka lizame ni dakika kama 24 tu na giza linafuata upesi. Wa kaskazini ya mbali jua lao linashuka kwa mshazari, wana muda mrefu wa kupanga vitu. Wewe wahi, fika ukiwa umeshajua unataka nini.

Swali: Dada habari. Sina kamera, nina simu na ni ya zamani. Mwezi uliopita kulikuwa na ukungu asubuhi, mzuri ajabu, nikapiga, picha ikatoka rangi ya majivu. Alafu mti wenye majani ya njano ukatoka kama una ukijani. Tatizo ni simu au ni mimi? (Mama wa watoto wawili)

Jibu: Nzuri mama. Sio simu na sio wewe, ni automatiki. Kamera ya simu imetengenezwa kuamini kwamba ukichanganya mwanga wote ulioko mbele yake unapata kijivu cha kati, kwa hiyo ikikuta ukungu mweupe umejaa fremu inasema hapa mwanga umezidi, inapunguza, ukungu unakuwa majivu. Theluji vilevile, mchanga mweupe vilevile. Na ukiielekeza kwenye kichaka cheusi inafanya kinyume, inaongeza mwanga mpaka kivuli kinapoteza uzito wake. Dawa ni kugusa skrini pale unapopataka, ushikilie mpaka ijifunge, alafu uteleze kidole kuongeza mwanga mpaka ukungu uwe mweupe ila bado unaona matabaka yake. Wenye kamera, ni kile kipimo chenye plasi na mainasi, anzia +1 kwa ukungu, theluji yenye jua inaweza kutaka hata karibu na +2.

Hiyo ya majani ni waiti balansi, na hapa naomba wote msikilize kwa sababu ndo kosa linaloharibu kazi ya mwaka mzima bila mtu kujua. Waiti balansi ya automatiki kazi yake ni kuondoa rangi iliyotawala kwenye picha, sasa msimu ni nini kama sio rangi iliyotawala? Ukiiachia itakuwa inasahihisha njano yako mwezi huu, bluu ya baridi mwezi ujao, vumbi jekundu mwezi unaofuata, mwishoni una picha kumi na mbili zilizosafishwa zote zinafanana. Nenda kwenye hali ya Pro, ile ya kurekebisha kamera mwenyewe, chagua alama ya jua au namba kati ya 5200 na 5500, iache hapo mwaka mzima, hata jioni, hata kukiwa na mawingu. Kama simu yako haina Pro kuna programu za kamera za bure zinazofungua hizo setingi. Zima pia ile huduma inayojifanya inatambua mandhari na kukoleza nyasi na anga yenyewe, ile inakupa nyasi za mvua hata wakati wa ukame.

Na kwa kuwa umetaja mti wa njano, ujue ile njano haikuja mwezi huo, kwa sehemu kubwa ilikuwepo toka jani lilipokuwa kijani. Jani lina klorofili ya kijani ambayo inafunika karotenoidi za njano na chungwa, kwenye nchi zenye majira ya baridi siku zikifupika mti unavunja ile klorofili na kinachobaki ndo unachokiona. Wekundu ndo tofauti, anthosayanini inatengenezwa upya ndani ya jani siku za mwisho, na inapenda mchana wa jua na usiku wa ubaridi usiofika kuganda, ndo maana mti uleule unaweza kuwa mwekundu kama moto mwaka huu na mwakani ukawa wa kawaida tu. Kwa hiyo ukipiga mti mwekundu andika na hali ya hewa ya wiki hiyo, siku moja utaihitaji.

Simu ya zamani inatosha kabisa. Futa lenzi kwa kitambaa laini kabla ya kila picha, na usivute zumu kwa vidole, ile ni kukata picha tu.

Swali: Nasimama palepale kila mwezi lakini nikiziweka picha pamoja zinaruka, mti unaenda kushoto, benchi linapanda. Sina stendi ya kamera.

Jibu: Umesimama palepale kwa kukadiria, sio palepale kweli. Usitegemee macho, tafuta vitu viwili, kimoja cha karibu kimoja cha mbali, vinavyokutana kwenye picha yako ya kwanza. Mfano ncha ya benchi imegusa ukingo wa mlango wa nyumba ya nyuma. Ukisogea hata hatua moja kushoto au kulia vile vitu viwili vinaachana, kwa hiyo mwezi ujao unatembea pembeni mpaka vikutane tena, umefika. Alafu tafuta jozi ya pili upande mwingine wa fremu kwa ajili ya mbele na nyuma. Nimefanya hivi miaka mingi na nakwambia jozi mbili nzuri zinakushika kuliko stendi uliyoichomeka ovyo.

Chagua vitu visivyokua. Niliwahi kutumia tawi, miezi minne baadaye tawi lilikuwa limeinama na mvua na picha zangu zote zimepinda. Nguzo, kona ya ukuta, jiwe lililozikwa, hivo ndo vya kuamini. Urefu nao uwe mmoja, kamera usawa wa macho kila mara, washa gridi na laza upeo wa macho kwenye mstari uleule. Lenzi isibadilike, kama ulipiga na kubwa ya simu baki na hiyo, usije na ile pana mwezi wa tano. Beba picha ya kwanza kwenye simu, ifungue hapohapo ulinganishe kabla hujaondoka.

Swali: Binti yangu, mimi ni mstaafu, muda ninao. Napiga anga na jua lenyewe, saa 3 kamili asubuhi, stendi naingiza kwenye matundu yaleyale niliyoyapima. Sasa ni mwezi wa 7. Jua halipandi na kushuka tu, linakwenda na pembeni. Saa yangu nimeikagua ni nzima. Je, stendi inahama?

Jibu: Shikamoo baba. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa furaha. Stendi haijahama na saa haijakosea, umeligundua jambo mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Jua ukilipiga saa ileile ya ukutani mwaka mzima halirudi palepale, linachora namba 8, tumbo moja dogo tumbo lingine kubwa, na umbo hilo linaitwa analema.

Sababu ni mbili zinazofanya kazi pamoja. Ya kwanza dunia imeinama digrii kama 23.4, hiyo ndo inalipandisha na kulishusha jua mwaka mzima, na ndo inayoleta misimu yenyewe. Ya pili njia ya dunia kuzunguka jua sio duara kamili, mwanzoni mwa Januari tuko karibu zaidi, kama kilomita milioni 147, na mwanzoni mwa Julai tuko mbali, kama milioni 152, na tukiwa karibu dunia inakwenda kasi zaidi. (Wengi wanadhani tukiwa karibu ndo joto, sio hivo, Januari kaskazini wanaganda.) Mwinamo na kasi vikichanganyika, jua linakuwa mara limetangulia saa ya ukutani mara limechelewa. Katikati ya Februari linachelewa kama dakika 14, mwanzoni mwa Novemba linatangulia kama dakika 16, na wanapatana mara nne tu kwa mwaka, karibu na 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba. Hizo dakika ndo pembeni yako. Mmarekani Dennis di Cicco alilinasa umbo zima kwenye fremu moja ya filamu, kazi iliyomchukua toka 1978 mpaka 1979, fikiria filamu moja kwenye kamera moja muda wote huo bila kuisogeza. Wewe una dijitali, utapiga picha tofauti na kuziunganisha mwishoni, kwa hiyo mwezi mmoja ukiharibika hujapoteza wote.

Ushauri wangu ongeza idadi, badala ya mara moja kwa mwezi piga kila baada ya siku kumi, umbo litakuwa na nukta za kutosha. Kamera iwe wima na lenzi iwe pana, milimita 24 au 28 kwa kamera ya sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani ya kamera kinachonasa mwanga), maana toka kichwa mpaka mkia wa hiyo 8 ni digrii 47 na bado utataka na mti chini yake. Kama nchi yako inasogeza saa mbele na nyuma, wewe usisogeze, baki na saa ya mwanzo.

Na baba naomba sana, macho. Usichungulie jua kwenye kile kidirisha cha kioo cha kamera hata sekunde moja, tumia skrini, na mbele ya lenzi weka filta maalumu ya jua, mbele sio nyuma. Miwani ya jua haisaidii kitu hapo.

Swali: Kila nikipiga mwezi mpevu unatoka kitone cheupe, wakati kwa macho ulikuwa mkubwa unatisha. Nakosea nini?

Jibu: Hukosei kitu, macho ndo yanakudanganya. Mwezi ukiwa chini karibu na miti ubongo unaukuza, kwa kamera ukubwa wake ni uleule na ukiwa juu, nusu digrii tu, nyoosha mkono na kidole kidogo kinaufunika wote. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana mno, upana wa picha ukiugawa vipande 150 mwezi unachukua kimoja. Kwenye kamera yenye lenzi inayobadilika kuna hesabu rahisi, gawa milimita za lenzi kwa 110 unapata ukubwa wa mwezi kwenye sensa, kwa hiyo lenzi ya 400 inakupa milimita tatu na nusu hivi. Sio mwingi hata hapo.

Ule weupe ni mwanga kuzidi. Watu wanasahau mwezi ni jiwe lililopigwa na jua, kule ni mchana, usiutendee kama kitu cha usiku. ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), apecha f/11 (tundu la lenzi), spidi ya shata 1/100 au 1/125 ya sekunde (muda wa mwanga kuingia), anzia hapo. Kwenye simu gusa mwezi ujifunge alafu shusha mwanga mpaka uone madoa.

Ila kwa mradi wetu wa bustani, nisikilize, usipige siku ya mwezi mpevu, piga jioni ya siku moja kabla. Siku mwezi ukiwa mpevu unachomoza jua linapozama, ukifika juu ya miti bustani imeshakuwa nyeusi. Kwa kuwa kila siku unachelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50, siku moja kabla utaukuta umeshapanda kidogo wakati miti bado ina mwanga wa jioni, na mwanga wa mwezi na wa ardhi vinakaribiana, simu inavishika vyote. Simama mbali na mti kadiri unavyoweza, uvute kwa lenzi ndefu kama unayo, mti unakuwa mdogo mwezi unabaki vilevile, hapo ndo unaonekana mkubwa.

Na mwezi ukiwa mwandamo, kijipinde chembamba, angalia ile sehemu yake ya giza, utaona kama inang'aa kwa mbali. Ni mwanga wa jua uliogonga dunia yetu ukarudi kule. Leonardo da Vinci aliliandika hilo miaka ya mwanzo ya 1500. Pigia hiyo sekunde moja au mbili, kamera ikiwa imetulia.

Swali: Nyota je? Nipige mwezi gani?

Jibu: Miezi yote, ndo raha yake. Kila siku nyota zinachomoza dakika 4 mapema, kwa mwezi ni saa 2, kwa hiyo ukipiga saa ileile kila mwezi utakuta anga zima limehama digrii 30. Orioni, kundi la nyota lenye zile tatu za mstari mmoja katikati, ni la usiku wa mapema toka Desemba mpaka Machi. Nge, yenye mkia uliojikunja na nyota nyekundu ya Antares, inatawala Juni mpaka Agosti. Hazikai angani pamoja kwa muda mrefu, moja ikizama nyingine ndo inachomoza, kwa hiyo picha ya Januari na ya Julai juu ya mti uleule ni jozi ya kutundika ukutani.

Kamera iwe kwenye stendi, apecha wazi kabisa, ISO 1600 kwenda juu, na gawa 500 kwa milimita za lenzi upate sekunde za mwisho kabla nyota hazijaanza kuwa mistari, lenzi ya 24 ni kama sekunde 20. Hiyo ni kwa sensa kubwa, sensa ndogo punguza. Tumia taima ya sekunde mbili usiiguse kamera. Vimondo navyo, kundi liitwalo Perseidi ni usiku wa 12 kuamkia 13 Agosti, hizi wa kaskazini ya dunia ndo wanafaidi zaidi, na Geminidi 13 kuamkia 14 Desemba ambazo pande zote mbili zinaonekana. Usiende bustanini usiku peke yako.

Swali: Niliumwa, mwezi wa 4 na wa 5 sikupiga. Naweza kuweka za mwaka jana nilizonazo kwenye simu, hata mtu hatajua?

Jibu: Pole na kuumwa. Usiweke. Acha pengo, andika tarehe na neno moja, "niliumwa". Kule Kyoto, Japani, kuna kumbukumbu za tarehe za kuchanua kwa micheri zinazorudi nyuma mpaka mwaka 812, zimekusanywa kutoka shajara za watu wa kale, na zina mapengo mengi tu, miaka mingine hakuna kitu kabisa. Lakini wanasayansi wa hali ya hewa wanazitegemea mpaka leo, na wanazitegemea kwa sababu kila tarehe iliyopo ni ya kweli. Aliyeziba pengo kwa kukisia angeharibu na zile za pembeni yake. Miezi kumi ya kweli inatosha, na mwaka kesho Aprili ikifika utaijua utakavyoisubiri.

Kwa wote, faili zenu zianze na mwaka, mwezi, siku, mfano 2025-04-15, zitajipanga zenyewe. Kagua saa ya kamera. Weka nakala mbili sehemu mbili, simu zinapotea.

Swali: Mlinzi alinifukuza akasema stendi haziruhusiwi.

Jibu: Bustani nyingi zina utaratibu huo, wanahofia upigaji wa biashara. Mfuate mapema siku hujabeba kitu, msalimie vizuri, mweleze mradi, muonyeshe picha za miezi iliyopita. Ikishindikana egemea nguzo, picha ya mchana haihitaji stendi. Watoto wa watu msiwapige karibu bila ruhusa ya wazazi, na viota msivisogelee kabisa, mama ndege akiruka mara nyingi mayai yanapoa.

Swali: Dada, nilikuwa napiga mti mmoja mkubwa. Miezi saba. Mwezi wa 8 nimefika nimekuta kisiki. Nilikaa pale chini nikashindwa hata kutoa simu. Nianze upya kwenye bustani nyingine?

Jibu: Pole sana ndugu yangu, pole kweli. Barua yako niliisoma jioni nikaiweka kando, nikairudia kesho yake.

Usianze upya na usihame. Rudi wiki hii kabla mwezi haujaisha, simama kwenye alama zako zilezile, piga fremu ileile, na nakuomba usiisogeze kutafuta mti mwingine wa kujaza katikati. Patupu pakae palepale mti ulipokuwa. Najua mkono utataka kusogea, usiuruhusu.

Alafu kisogelee kisiki, kipige kutoka juu, weka rula au sarafu pembeni ukubwa uonekane. Kama uko kwenye nchi yenye baridi au ukame wa kila mwaka utaona pete, na kila pete kwa kawaida ni mwaka mmoja, zihesabu, nyembamba ni miaka ya shida nene ni miaka ya maji. Palipo na joto na mvua mwaka mzima pete mara nyingi hazionekani vizuri, usihuzunike ukikosa. Pembeni ya kisiki angalia kila mwezi, miti mingi haifi ikikatwa, mizizi inasukuma machipukizi mapya. Na zile nyasi zilizoishi kivulini miaka yote sasa zinapigwa na jua la mchana, zitaanza kubadilika kabla ya kitu kingine, magugu mapya yataingia, pengine na maua ambayo hayakuwahi kuota pale. Hakuna mtu mwingine mwenye picha saba za jinsi palivyokuwa kabla, ni wewe tu.

Ya mwezi wa 9 nitumie tafadhali, zote mbili, ya chini na ya juu. Nataka kuona yale matawi yalikuwa yamefunika anga kubwa kiasi gani.